Nani Atakupigia Hodi? Mwongozo kamili wa marafiki na jumuiya kwa Mkristo anayeanza chuo Bagamoyo

Anza na swali hili, na ulirudie kila mwisho wa mwezi: ukishikwa na homa Jumatatu usiku, ukashindwa kuinuka Jumanne nzima, nani atakupigia hodi kabla ya Jumatano asubuhi? Usimtaje mama, yuko Songea. Usitaje kundi la WhatsApp lenye watu 180, maana kila mmoja humo atadhani mwenzake ameshakwenda. Taja mtu ambaye miguu yake inaweza kufika mlangoni kwako. Ukimkosa, ujue jumuiya bado huna, unazo namba za simu tu.

Mwongozo huu ni wa mwaka wa kwanza Bagamoyo, uwe Marian ukisomea ualimu, TaSUBa kwenye ngoma na maigizo, ADEM kwenye uongozi wa elimu, au Mbegani kwenye uvuvi. Vyuo hivi havilingani kwa ukubwa wala kwa ratiba, ila mji ni mmoja: mji wa pwani, wenyeji wake wengi Waislamu, na Dar es Salaam iko kilomita 65 hivi tu kuelekea kusini. Ukaribu huo wa Dar ndio mtego wa kwanza, tutaufikia.

Urafiki chuoni hujengwa na watu wachache wale wale, mahali pale pale, saa ile ile, mara nyingi. Hatua zote zinazofuata zinatafuta hilo.

Kabla ya kufunga begi

Wiki mbili kabla ya kuripoti, nenda kanisani kwako uombe barua ya utambulisho. Mkatoliki aanzie kwa mwenyekiti wa jumuiya yake ndogondogo, kisha kwa paroko apate muhuri. Mlutheri, Mwanglikana au Mmoraviani aende ofisi ya usharika au mtaa, Mpentekoste kwa mchungaji wake. Eleza wazi kwamba unakwenda masomoni na utarudi, usije ukaandikiwa uhamisho wa moja kwa moja na jina lako likafutwa kwenye daftari la nyumbani. Toa nakala mbili. Ambatanisha na nakala ya cheti cha ubatizo na cha kipaimara. Wapo wanaovikumbuka vyeti hivyo mwaka wa tatu wanapotaka kuandikisha ndoa, na parokia ya nyumbani iko safari ya siku nzima.

Barua hii haikusudiwi kuthibitisha kwamba wewe ni mtakatifu. Inampa kiongozi wa kanisa la Bagamoyo jina lako, ulikotoka, na mtu wa kupigiwa ukipatwa na jambo.

Pili, uliza kanisani na shuleni ulikosoma kama kuna yeyote aliyepata kusoma Bagamoyo. Unatafuta namba moja tu ya mtu aliye mwaka wa pili au wa tatu sasa hivi. Mpigie kabla hujafika, umuulize mambo matatu: ibada ya wanafunzi ni siku gani na saa ngapi, hosteli ipi au mtaa gani una wanafunzi wengi, na kundi gani la kikristo linaheshimika chuoni kwao. Jibu la swali la tatu lipokee kwa tahadhari, kila mtu husifu la kwake.

Tatu, sufuria. Usinunue ile ndogo ya mtu mmoja. Chukua ya lita 5 au zaidi, na vikombe vinne badala ya kimoja. Mwenye vikombe hutembelewa.

Wiki ya kwanza: wapokezi

Siku ya kuripoti utakuta vijana wamesimama getini au kwenye meza ya usajili, wengine wamevaa fulana za umoja wao. Watakubebea begi, watakuonyesha ofisi ya malipo, watakuuliza unasali wapi. Pokea msaada kwa moyo mmoja. Huo ni utumishi wa kweli, na wengi wao walipokewa hivyo hivyo. Ila usijaze fomu ya uanachama siku hiyo, na wala usiahidi kwaya. Sema hivi: "Asante sana kaka, Mungu akubariki. Nitakuja Jumapili nione, halafu nitaamua baada ya mwezi." Mpokezi mwema atacheka na kukupa ratiba. Atakayekasirika amekuonyesha kitu cha kukumbuka.

Salamu zitakuambia uko kwa nani. Ukisikia "Tumsifu Yesu Kristo", itika "Milele amina", umekutana na Wakatoliki. "Bwana Yesu asifiwe" huitikiwa "Amina" na hutumika zaidi kwa Waprotestanti, Wapentekoste hasa, na baadhi yao watakuongezea "Shalom" hata kwenye foleni ya chai. Jumamosi asubuhi ukitakiwa "Heri ya Sabato", umefika kwa Wasabato. Jifunze kuitikia zote. Kuitikia salamu ya mwenzako hakukuhamishi kanisa, na mtu anayeitikiwa vizuri hukumbuka sura.

Katika siku hizo saba fanya kazi moja ndogo kila siku: pata majina matano, uyaandike usiku. Jina, anakotoka, anachosomea, na kitu kimoja alichosema. "Wa Muheza, hesabu na fizikia, dada yake anajifungua mwezi huu." Wiki inayofuata ukimuuliza, "Dada ameshajifungua salama?" atakutazama mara mbili. Majina thelathini na tano ni mengi, ishirini yatapotea. Hao kumi na tano waliobaki wanatosha kwa hatua zote zilizobaki.

Na Ijumaa ikifika, usipande gari kwenda Dar. Wanafunzi wenye shangazi Tegeta au Mbezi huondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumatatu alfajiri, kisha mwezi wa tatu wanalalamika kwamba watu wa hapa wana vikundi vyao. Vikundi hivyo vilizaliwa Jumamosi wakati wao wako kwa shangazi wakila pilau. Weka nadhiri ya wikiendi sita za kwanza bila kuondoka, labda msiba. Shangazi aelezwe mapema, asije akadhani umeringa.

Kuchagua umoja wa chuoni

Vyuo vya Tanzania vina vyama vya wanafunzi wa kikristo vinavyojulikana kwa vifupisho, na mgeni huchanganyikiwa. TMCS ni ya Wakatoliki. USCF iko chini ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ndiko waliko Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani na wenzao. CASFETA ni ya Kipentekoste. TUCASA ni ya Wasabato. TAFES hukusanya wanafunzi wa kiinjili bila kujali dhehebu. Si kila chuo kina matawi yote, na kwenye chuo kidogo huenda ukakuta umoja mmoja tu unaobeba kila mtu. Ukikuta hivyo, usisubiri dhehebu lako lifungue tawi. Ingia, saidia, na Jumapili uende kanisani kwako mjini.

Mlutheri au Mpentekoste aliye kwenye chuo cha Kikatoliki asijione mgeni wa kudumu. Ibada za chuo zitakuwa Misa, na hukatazwi kuketi, kuimba na kusikiliza. Wakati wa Komunyo baki ulipo kwa heshima au fuata maelekezo ya padre, hakuna atakayekushangaa. Unachohitaji ni kumjua kiongozi wa wanafunzi wasio Wakatoliki, au kuuliza ofisi ya mshauri wa wanafunzi kama yupo.

Tembelea vikundi viwili, visizidi vitatu, kati ya wiki ya pili na ya nne. Kila kimoja uende mara mbili, kwa sababu siku ya kwanza mgeni huonyeshwa sebule. Siku ya pili angalia haya: kuna anayekumbuka jina lako? Matangazo ya fedha yanachukua dakika ngapi? Viongozi wanawasalimia wafagiaji na walinzi? Wanafunzi wa mwaka wa tatu bado wanakuja, au kikundi kizima ni mwaka wa kwanza na kiongozi mmoja? Hilo la mwisho lina uzito. Kikundi ambacho watu hukikimbia baada ya mwaka kina sababu, hata kama haisemwi.

Kisha uliza maswali manne waziwazi: mlezi wetu ni nani, tuko chini ya kanisa gani, fedha anashika nani na anasoma taarifa lini, na mtu akitaka kuondoka anafanyaje? Umoja wenye afya hujibu yote kwa dakika tano. Ukiambiwa kwamba kuuliza ni kukosa imani, shika njia. Ondoka pia mahali ambapo "mtumishi" anauza mafuta au maji ya kuombewa, anakataza watu kumeza dawa walizopewa hospitali, anawafungisha mpaka wanakosa mitihani, au anataka kikundi kisijulikane na uongozi wa chuo.

Wiki ya tano, chagua kimoja. Kimoja tu. Vingine utavisalimia.

Kanisa nje ya geti

Umoja wa chuoni una kasoro ya kuzaliwa nayo: wote ni vijana, wote wameishiwa siku moja, na mwezi wa likizo wote wanatoweka. Ndiyo maana unahitaji pia watu wazima wa mjini, wenye watoto, bustani na jiko la mkaa.

Kwa Mkatoliki njia iko wazi. Tangu miaka ya 1970 Kanisa Afrika Mashariki limejengwa juu ya jumuiya ndogondogo, familia za jirani zinazosali kwa zamu nyumba kwa nyumba, mara nyingi Jumamosi alfajiri. Ukipanga chumba Magomeni au Dunda, muulize mwenye nyumba au jirani Mkatoliki jumuiya yenu inaitwaje na wiki hii inasali kwa nani. Nenda na barua yako. Watakusomea jina, watakuandika daftarini, na bila shaka watakupa somo la kusoma, kwa kuwa wanafunzi wanasoma vizuri na wazee wamesahau miwani. Walutheri wana ibada za nyumba kwa nyumba zinazofanana na hizo. Wapentekoste wengi wana makanisa ya nyumbani au seli. Msabato atakaa darasa dogo la Shule ya Sabato, na hapo ndipo atakapofahamika kuliko kwenye mahubiri ya saa tano.

Ukienda, fika dakika 15 kabla na ubaki dakika 20 baada. Watu wengi hulikosea hili. Ibada yenyewe ni ya kumtazama Mungu, nawe umewapa wenzako kisogo. Kujuana hutokea wakati wa kupanga viti na wakati wa kuvirudisha. Omba kazi isiyogombewa: kufagia, kutandika mikeka, kuhesabu vitabu vya nyimbo. Maneno yanayotosha ni haya: "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi, nimefika mwezi huu. Nikusaidie kubeba hivi?" Mama atauliza kwenu wapi, na mengine yatafuata yenyewe.

Jumuiya hiyo nayo itakudai. Kukiwa na msiba, nenda, hata kwa nusu saa kati ya vipindi, ukae mkekani na wanaume au uingie jikoni na wanawake. Mwanafunzi aliyeonekana msibani mara moja huitwa "mtoto wetu" mpaka anahitimu.

Hesabu ya saa

Watu hawaambiwi mapema kwamba wanaweza kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, kwa sababu ya kanisa. Chukua mwanafunzi aliyejiunga na kwaya mbili. Mazoezi ya kwanza ni Jumatatu na Jumatano, saa mbili kila siku. Ya pili ni Jumanne na Alhamisi, saa mbili mbili. Mkesha wa Ijumaa, saa sita. Ibada ya Jumapili na kikao chake, saa nne. Jumla saa 18 kwa wiki, na bado hajafungua daftari. Akipata sapu tatu, yaani mitihani ya marudio, waliomshangilia kwenye pambio hawatamlipia mwaka wa kurudia.

Kiasi kinachokaa vizuri na masomo ni saa 6 hadi 8: ibada ya Jumapili, kundi dogo la saa moja, jumuiya ya mtaani, na huduma moja. Wa TaSUBa wapunguze zaidi wakati wa maandalizi ya maonyesho na tamasha, kwa sababu mazoezi yao huvuka magharibi, wamwambie kiongozi wao mapema kwamba wataonekana kidogo. Wiki mbili kabla ya mitihani kila mtu abaki na Jumapili na kundi dogo tu.

Fedha nazo zina hesabu yake. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, la shilingi 10,000 kwa siku likitoka la siku 60 ni 600,000, na siku linapotoka ndipo michango yote huamka: sare ya kwaya, safari ya injili, zawadi ya wahitimu, harusi ya katibu. Kabla halijaingia, andika kiasi chako cha kutoa kwa miezi hiyo miwili na ukitenge. Kikiisha, kimeisha. "Kwa sasa sina, nitaombea na nitakuja kupanga viti" ni jibu kamili lisilohitaji maelezo.

Kundi dogo la watu sita

Kama ukiacha kila kitu kwenye mwongozo huu ukashika kimoja, shika hiki. Kati ya wiki ya tano na ya saba, chagua watu wawili kutoka yale majina kumi na tano, na kila mmoja alete mwingine. Wawe watano hadi saba. Wakifika wanane, mmoja ataanza kunyamaza. Mchanganye kozi, kwa sababu watu wa darasa moja huishia kuongelea tesi, yaani majaribio ya darasani.

Siku ile ile, saa ile ile, mahali pale pale, mfano Jumatano saa 12 jioni kwenye kimbweta (meza na viti vya zege vya kusomea nje) cha karibu na maktaba. Simu zikae katikati ya meza. Dakika 10 za kujuliana hali, 20 za kusoma fungu la Biblia na kuulizana, 20 za kila mtu kusema wiki yake na kuombewa, 10 za mipango. Kiongozi abadilike kila wiki, hata yule anayetetemeka. Saa ikiisha mmalize, hata kama maombi yamepamba moto. Mnaomaliza kwa wakati mtarudi wiki ijayo, mnaozidisha saa mbili mtaanza kupewa udhuru.

Wekeni kanuni mbili tu. Ya kwanza: atakayekosa bila taarifa atafuatwa siku hiyo hiyo, na wawili wamepangiwa kumfuata. Mpeane majina ya vyumba, namba ya mzazi au mlezi, namba ya mwenye nyumba, na mtu aseme kama ana pumu, kifafa au dawa ya kila siku. Hapo ndipo swali la hodi linapopata jibu. Pwani hii ina malaria, na mtu anaweza kulala na homa kali chumba cha pili na wote mkadhani amekwenda Dar.

Ya pili: hakuna kumwombea mtu ambaye hakuomba aombewe. Umbea wa wacha Mungu huvaa kanzu hii: "Wapendwa, tumkumbuke dada yetu fulani, hali yake si nzuri, sitaki kusema sana..." Na hapo ameshasema vyote. Kundi likionja hilo mara mbili, watu wataanza kuleta shida za uongo: "niombeeni masomo", "niombeeni safari". Mmoja wenu awe na ujasiri wa kukatiza: "Tumwache aje aseme mwenyewe."

Sufuria moja

Mara moja kwa mwezi, Jumapili baada ya ibada, pikeni pamoja. Kwa watu sita: mchele kilo moja, maharage nusu kilo, nazi mbili, vitunguu viwili, nyanya tatu. Maharage yalowekwe Jumamosi usiku, la sivyo mtakula saa kumi. Yabandikwe mara tu mnaporudi, kwenye jiko la mkaa yatachukua saa moja na nusu au zaidi. Nazi ikunwe, ikamuliwe tui zito kwanza, liwekwe kando. Machicha yatiwe maji na kukamuliwa tena, tui hilo jepesi ndilo la kuungia maharage na kupikia wali. Tui zito liingie mwisho, moto ukiwa mdogo, huku mmoja akikoroga bila kuacha. Likichemka lenyewe linakatika, na mtu wa Bagamoyo akipita atawacheka.

Wa bara ambaye hajawahi kukalia mbuzi ya kukunia nazi apewe kazi hiyo hiyo. Ataharibu ya kwanza, vidole vitamuuma, wote mtacheka, na kabla kifuu hakijaisha ataanza kuzungumza. Mtu ambaye macho yake yako kwenye kifuu husema mambo ambayo asingeyasema akitazamwa usoni.

Gharama mgawane kwa sita. Asiye na kitu siku hiyo akune nazi zote mbili na jambo liishie hapo. Asitangazwe, wala asilazimishwe kueleza.

Mkishakula, kama jua limepungua, tembeeni mpaka Misheni kupitia ile barabara ya miembe. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo 1868, na miongoni mwa walioishi kwenye kijiji chao walikuwa watu waliokombolewa utumwani, waliotoka makabila ya bara na wengi wasio na ndugu pwani. Hapo pia ndipo mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone ulipowekwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kwa miguu miezi mingi kutoka kule ambako sasa ni Zambia. Kutembea nje ni bure, makumbusho yana kiingilio, yaingieni siku ya bumu.

Jirani yako Mwislamu

Mkristo anayepanga Bagamoyo akitafuta marafiki Wakristo peke yao ataishi mjini kama yuko stendi. Mwenzako wa chumba huenda ni Mwislamu, mwenye nyumba karibu hakika, na mama wa chapati naye. Anza na adabu za pwani: shikamoo kwa kila mkubwa, usipite bila kusalimu, usikatize mbele ya watu waliokaa barazani bila "nipisheni kidogo".

Kaa chini na mwenzako wa chumba wiki ya kwanza mpange mambo manne. Sufuria ya pamoja haiingii kitimoto, ukikitamani kakile huko kinakouzwa. Adhana ikilia, spika inapunguzwa. Saa ya swala yake na saa ya maombi yako, kila mmoja apewe utulivu, na maombi ya kukemea kwa sauti saa tisa usiku yafanyiwe kanisani, si kwenye hosteli yenye watu arobaini wenye tesi asubuhi. Na Ramadhani ikifika, usile mbele yake mchana, ukialikwa futari nenda na tende au tikiti, usiende mikono mitupu.

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilianguka 18 Februari na Ramadhani ikaanza juma hilo hilo, wenye vyumba vya mchanganyiko wakajikuta wote wanafunga. Miaka ya namna hiyo ni nafasi nzuri: mmoja anaamsha mwenzake daku, mwenzake anamuuliza Kwaresima ni nini hasa. Jibu kwa ufupi ukiulizwa. Mjadala wa kidini wa kushindana, ule wa "kitabu chenu kinasema", haujawahi kumpa mtu rafiki.

Mambo yanayovunja

Ndoto za ndoa. Kaka wa mwaka wa tatu anakuja na uso mzito: "Dada, nimeoneshwa kwamba wewe ndiye mke wangu." Wengine huoneshwa watatu kwa muhula mmoja. Jibu: "Basi tungoje na mimi nioneshwe," kisha mwambie mlezi kama anaendelea. Wenzi wa maombi wa jinsia mbili wakutane vimbwetani au kanisani, mchana au kwenye taa, watatu ikiwezekana. Gheto baada ya saa tatu usiku si mahali pa kuombea. Hii inawahusu pia dada zetu wanaojiita mama wa kiroho wa vijana wa mwaka wa kwanza.

Mikopo. Rafiki akikuomba 50,000, mpe kiasi ambacho kisiporudi hutamchukia, hata kama ni 5,000. Sema tu, "Nina hii, chukua, usirudishe." Urafiki mwingi wa chuoni huishia kwenye deni ambalo wote wawili wanaona haya kulitaja.

Upweke wa wiki ya nne hadi ya sita. Msisimko umeisha, nyumbani wameacha kupiga kila siku, na unaona kila mtu ana mtu. Ni kawaida, na dawa yake ni kuendelea kwenda pale pale saa ile ile ingawa huoni faida bado. Lakini ukikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili mfululizo, au ukianza kuwaza kufa, mwambie mtu mmoja leo, nenda kwa mshauri wa wanafunzi na hospitali. Kuombewa na kutibiwa vinakwenda pamoja, hakuna kinachomfukuza mwenzake.

Kugombana. Mkikwaruzana kwenye kundi, mfuateni mtu uso kwa uso kabla ya siku tatu. Usimwandikie ujumbe mrefu usiku. Ujumbe wa usiku husomwa kwa sauti kali ambayo hukuiandika.

Kabla ya kufunga chuo

Siku ya mwisho ya mitihani watu hukimbilia mabasi, na kundi lisipopangwa hufa hapo. Kutaneni jioni moja kabla. Andikeni nani anakwenda wapi na nani anarudi tarehe gani. Gaweni zamu ya kupigiana simu, kila mmoja anampigia mmoja kila Jumapili jioni, sauti, si ujumbe. Iageni jumuiya ya mtaani, wazee watawapa machungwa ya njiani. Sufuria ya lita 5 mwachieni mwenye nyumba au yule anayebaki, ikiwa imeoshwa. Na atakayewahi kurudi ndiye atakayefungua vyumba vya wenzake, ayaanike magodoro, anunue mkaa, kisha aende getini. Mwezi wa kumi wa mwaka wa pili kutakuwa na mgeni mwenye begi zito amesimama hapo, hajui ofisi ya malipo iko upande gani.